Ukurasa wa Kumi na Tisa

Makongeni, Thika
Jumapili, saa nane mchana

Kimani, mwanangu, baba yangu,

Sitakuandikia habari ya blanketi. Blanketi ziko mbili chini ya begi, Kericho kuna baridi, utajua mwenyewe kama utajifunika au utaziuza. Unga, sabuni, nauli, nani wa kumpigia ukifika, hayo yote wewe ni mtu mzima na mimi nimechoka kuyasema. Umetoka kanisani ukaenda Kalimoni kumuaga tata yako Wairimu, dada yangu, na hutarudi kabla ya jioni kwa sababu Wairimu haachi mtu atoke kwake bila kula. Kwa hivyo nina saa tatu hivi. Nimezima simu, nimekaa jikoni na karatasi, mimi ambaye mkate wangu wote umetoka kwenye kompyuta. Nimechagua kuandika kwa mkono. Kwenye kompyuta ningefuta na kupanga upya mpaka nionekane mzuri, na leo sitaki kuonekana mzuri.

Tuanze na jicho. Nilikuambia niligonga mlango wa kabati. Kabati halina makosa. Aliyenipiga ni tata yako, Jumatano, kwa ule mkono wake wa vidole vitatu. Alipiga mara moja na sikujikinga. Kama leo amekuambia sababu, basi barua hii imekukuta unajua, lakini isome hivyo hivyo, kwa maana kuna sehemu ambayo hata yeye hajaisikia.

Na kile kikombe. Wiki jana uliniita nione tovuti unayowatengenezea wachuma chai, ile ambayo umeajiriwa kwenda kuisimamia. Ulikuwa na furaha, na kusema kweli ilikuwa imependeza kuliko chochote nilichowahi kutengeneza. Ukafungua ukurasa wa kamati. Sura thelathini na mbili, wanawake kwa wanaume, wanacheka, na chini ya kila sura jina, shamba analofanyia kazi na namba ya simu.

"Toa hizo sura," nikakuambia.

"Mum, wafadhili wanataka kuona watu wa ukweli. Hiyo ndiyo transparency."

"Toa, Kimani."

"Si wenyewe wali-agree? Wame-sign. Wewe umezoea zile website za kitambo, za picha ya jengo na mwenyekiti. Uliacha kuji-update."

Nikarusha kikombe ukutani. Ulichukua ufagio ukafagia vipande, ukarudi kwenye kompyuta yako, na sura zikabaki pale pale. Nilikuwa na jibu, baba. Lakini jibu lenyewe lingefunua mambo ambayo nimeyafunika miaka yote uliyoishi ukiwa na akili, na nikaona heri kuvunja kikombe.

Sasa nakupa lile jibu.

Ulikuwa na miaka saba. Barabara ya Thika ilikuwa bado inapanuliwa na vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye chai. Mimi nilikuwa na ile saiba, duka la intaneti la chumba kimoja, kompyuta nne na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikimeza karatasi za watu. Kutengeneza tovuti nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua za wengine nione zimeungwaje. Nilianza na ya kikundi cha wajane wa Kalimoni. Halafu chama cha wafanyakazi, tawi letu hili, kikanipa yake. Mwenyekiti alikuwa akinisimamisha kwenye mikutano: "Huyu mama ndiye ametuweka kwa internet." Watu wanapiga makofi. Mwanamke wa saiba, sina mume, sina diploma, na wanaume wa chama wananiita "engineer." Nilivimba kichwa. Nakuambia wazi kwa sababu mengine yote yametoka hapo.

Katibu wa tawi alikuwa Rajabu. Ndiyo, yule yule mshona viatu wa stendi. Wakati ule alikuwa mtu wa kuvaa shati lililopigwa pasi na kofia nyeupe, Mwislamu wa hapa Thika, babu zake walitoka sehemu nne tofauti na yeye mwenyewe alikuwa akisema kwao ni Makongeni na hapana pengine. Hakuna aliyekuwa mwangalifu kama yeye. Kulikuwa na kiwanda kimoja Ruiru cha kushona sare. Mafundi wake walikuwa wanataka kujiunga na chama, na wenye kiwanda walikuwa wamesema atakayejaribu atajuta. Rajabu ndiye aliyewakusanya, kimya kimya, kwenye ukumbi wa kanisa, kidogo kidogo mpaka wakafika sitini na kitu. Tata yako alikuwa mmoja wao. Alikuwa anakaa Githurai 45 wakati ule na alikuwa fundi wa kola, mwenye mkono mwepesi kuliko wote kwenye laini yake.

Wewe umelelewa na rejista, unajua mambo yetu. Hapa kwetu hata watu wakikutana kusali, kwanza karatasi inazunguka: jina, kitambulisho, simu, mtaa, sahihi. Bila karatasi mfadhili haamini kwamba mkutano ulikuwepo. Siku ile watu waliogopa kuandika. Rajabu akasimama akawaambia, "Hii karatasi inakaa na mimi. Hata bibi yangu haioni." Wakaandika. Wairimu aliandika kwenye mstari wa thelathini na moja.

Mfadhili akataka ripoti, na akataka iwekwe kwenye tovuti ili kila mtu aisome. Rejista ilikuwa ya kutumwa kwake peke yake. Rajabu aliniletea vyote pamoja ndani ya bahasha, akasimama mlangoni mwa saiba, akanyoosha kidole: "Mama Kimani, hizi za mwisho zitume peke yake. Zisipande." Nikasema sawa. Niliweka rundo lote kwenye mashine, nikaskani kwa mpigo mmoja, ikawa faili moja. Kuitenganisha kungechukua dakika kumi. Nikaiangalia. Ilikuwa nene, yenye sahihi za watu sitini na kitu mwishoni, na nikasema moyoni, wacha waone kazi tunafanya. Nikaipandisha yote. Rejista ilianza ukurasa wa kumi na tisa. Jioni nikamrudishia Rajabu bahasha yake, akazihesabu karatasi mbele yangu, akaridhika.

Wiki tatu baadaye walianza kupita.

Walikuja jioni, saa ya watu kutoka kazini, vijana wanne wanne waliokodishwa na kiwanda, na karatasi mkononi. Hawakuuliza majirani. Walienda mlango kwa mlango wakijua. Jamaa mmoja Ruiru walimvunja taya kwa nondo mbele ya watoto wake, halafu wakamwambia ahesabu meno kwa sauti. Mwingine hapa Makongeni walimwashia godoro akiwa ndani, na mtoto mchanga alitolewa kupitia dirisha na mikono ya majirani. Siku mbili mfululizo. Simu za kamati zilikuwa zinalia mpaka zinazima chaji.

Kwa Wairimu waligonga kama wageni. Akafungua. Mmoja akaangalia karatasi akauliza, "Wewe ndiye number thirty-one?" Hakuelewa. Jina lake likasomwa, na namba ya kitambulisho. Akavutwa mpaka mlangoni, ule mlango wa chuma wa vyumba vya kupangisha. "Unashonanga na mkono gani?" Akasema wa kushoto, akidhani atauokoa wa kulia. Jamaa akacheka. Akaushika ule wa kulia, akauweka pale bawaba zilipo, na wawili wakaufunga mlango kwa mabega. Wakaufungua. Wakaufunga tena. Alinihadithia mwenyewe hospitalini, akiangalia dari, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Daktari alikata vidole viwili. Wewe uliambiwa ni ajali ya mashine. Mimi ndiye niliyetunga ajali hiyo.

Nilitoka pale hospitalini nikiwa nataka kuua mtu. Sisemi hivyo kwa kupamba. Nilitembea mpaka nyumbani, na njia nzima nilikuwa nawaza uso wa huyo mtu nitakapomshika, ingawa sikumjua ni nani.

Jumamosi watu wakakutana hapa Makongeni, kwenye ule ukumbi ambao sasa ni duka la mbao. Walikuwa kama arobaini, wengine na bandeji. Rajabu alikuja mwenyewe, hakuitwa. Alikuwa na ile bahasha. Alitaka kuwaonyesha karatasi zote ziko, hakuna iliyotoka. Mwenyekiti akauliza, "Hii rejista imeshikwa na nani?"

 Na mimi nikasimama. Mimi, mwanangu. Nikasema, "Rejista inakaa kwa Rajabu. Si alituambia hata bibi yake haioni?"

Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Yalitosha. Kiti cha kwanza kilirushwa kutoka nyuma, kikampata kifuani.

"Walikupea ngapi, wewe?"

"Wallahi sijampa mtu! Karatasi ni hii!"

"Huyu ni wa kuchomwa!"

Akaanguka. Watu wakamfunika. Nilisikia mbavu, nakuapia nilizisikia. Nikapenya katikati yao na mguu wa kiti uliokuwa umevunjika, ulikuwa na msumari lakini sikuangalia msumari uko upande gani. Nikampiga mgongoni. Nikampiga begani. Akageuza uso akaniona, damu imemfunga jicho moja, akanyoosha mkono kwangu kama mtu aliyemwona jamaa yake, akasema, "Mama Kimani, si ni wewe nilipa..."

Nikampiga sikioni kabla hajamaliza.

Sikio hilo halijasikia tena. Na mimi nimekaa na swali moja miaka yote hii: nilipiga kwa sababu ya hasira, au kuna mahali ndani yangu palipojua neno linalofuata na palitaka lisisikike? Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nampiga nilijisikia vizuri. Nilikuwa mwepesi. Vidole vya Wairimu, dharau za wanaume wa chama, baba yako aliyeondoka, vyote vilikuwa vinatoka kupitia kile kipande cha mti. Usimwamini mtu akikuambia kwamba hasira ya haki inauma. Ni tamu. Nimeionja, na ningekuwa mwongo nikikuficha utamu wake.

Mtu mmoja alikuwa ameshafungua tangi la pikipiki achote petroli. Mkewe Rajabu ndiye aliyemwokoa. Aliingia akipiga nduru, akamlalia juu, akapigwa mateke na yeye, hakutoka. Watu wakaona haya. Wakatawanyika.

Kesho yake, Jumapili mchana kama huu, mwenyekiti alinituma nitoe picha ya Rajabu kwenye ukurasa wa viongozi na niandike tangazo la kumfukuza. Nikafungua tovuti. Wewe unajua mahali panapoonyesha faili imepakuliwa mara ngapi. Ripoti zetu nyingine zilikuwa na tatu, nne, na nusu yake nilikuwa mimi mwenyewe. Ile ilikuwa na hamsini na kitu. Nikajiuliza nani anasoma ripoti ya mkutano mara hamsini. Nikaifungua. Nikashuka, nikashuka, mpaka ukurasa wa kumi na tisa. Majina yote. Vitambulisho. Mitaa. Mstari wa thelathini na moja, kwa mwandiko wa dadangu.

Niliinuka nikaenda kwenye karai la kuoshea vyombo. Halafu nikaosha uso, nikarudi kwenye kiti. Nikaitenganisha ile faili. Ilichukua dakika kumi, kama nilivyokuwa nimekadiria. Nikapandisha ripoti ya kurasa kumi na nane mahali pa ile ya zamani. Na baada ya hapo, nikijua ninachokijua, nikaandika tangazo: kwamba Rajabu amefukuzwa kwa kuuza majina ya wenzake, na mwanachama yeyote asishirikiane naye. Niliweka jina lake kamili. Nikahakikisha linaonekana vizuri kwenye simu.

Ningesema ukweli siku ile ningechomwa. Labda. Wewe ulikuwa na miaka saba na ulikuwa na mimi peke yangu. Nimejitetea kwa jina lako muda mrefu sana, na nakuomba radhi kwa hilo, kwa sababu hukuwa na habari kwamba unatumika.

Sasa sikiliza sehemu inayonikata maini kuliko hata ule mguu wa kiti. Tovuti ile nimeibadilisha sura mara tatu tangu wakati ule. Unajua kazi ya kuhamisha: unapitia ukurasa mmoja mmoja, unaamua huu unaenda, huu unabaki. Mara zote tatu nilifika kwenye tangazo la Rajabu. Mara zote tatu nililihamisha. Ningeliacha lipotee tu, hakuna mtu angeuliza, lakini niliogopa kwamba likikosekana mtu atajiuliza kwa nini. Kwa hivyo mtu akiandika jina la Rajabu kwenye simu mpaka leo, kitu cha kwanza kinachokuja ni mkono wangu. Saumu, bintiye, alipoposwa, wakwe waliandika jina la baba mtu kwenye simu. Posa ikarudi. Hakuna ofisi iliyomtaka Rajabu tena, wala msikitini hakuna aliyetaka kusimama kando ya kanzu yake kwa muda. Akaanza kushona viatu pale karibu na stendi.

Unakumbuka kofi? Ulikuwa darasa la nne. Ulirudi nyumbani na ndala zako zimeshonwa upya, ukaniambia yule mzee wa viatu amekataa pesa, amesema umsalimie mama. Nilikuzaba kofi ukaanguka kwenye kochi, na ndala nikazitupa kwenye jiko la makaa. Ulilia ukiuliza umekosa nini. Hukukosa kitu. Nilidhani ananitumia salamu za kunikejeli, kwamba anajua. Sasa nafikiri alikuwa tu anamshonea mtoto ndala. Lilikuwa kofi la mwizi kwa mtoto aliyemwona mwenye mali.

Jumanne iliyopita nilienda kwake. Nilikaa kwenye kile kibao cha wateja, upande wa sikio linalosikia, nikamwambia yote, kuanzia mashine ya kuskani mpaka mara ya tatu ya kuhamisha. Alikuwa anapigilia kisigino. Hakuacha. Nilipomaliza akapiga nyundo kwenye meza, karibu na vidole vyangu, misumari ikaruka.

"Mara hiyo ingine ulinipiga ulidhani ni mimi," akasema. "Hiyo nilishasamehe, Mama Kimani. Kila Ramadhani nilikuwa natoa jina lako. Sasa unaniambia kesho yake ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaandika?"

"Nikaandika."

Akasimama. Nilidhani ataniua na ile nyundo na nakuambia ukweli nilikaa nimwachie. Akasema, "Usilie hapa. Watu watadhani nimekuonea. Umekuja kuniambia mimi kwa sikio, mimi ambaye sijawahi kuwa na haja ya kuambiwa. Kwani mimi sikujua sikufanya? Enda usemee pale pale uliniandika. Na uweke jina lako mzima, vile uliweka langu."

Jumatano nikaenda Kalimoni. Wairimu alinisikiliza akiwa anachambua maharagwe. Nilipofika kwenye ukurasa wa kumi na tisa aliinuka akanipiga, halafu akakaa, akaendelea kuchambua. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Dakika kumi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Enda nyumbani, Njeri." Hajashika simu yangu tangu hapo. Kwamba amekubali uende kumuaga leo na hukunirudia mbio mbio, nashukuru, kwa sababu anakupenda kuliko anavyonichukia.

Mwenyekiti naye nilimpigia. Ni mzee sasa, lakini ulimi bado mkali. "Wacha hiyo story ilale," akaniambia. "Wale vijana walipiga Rajabu sahii ni wababa wa watu. Unaenda kuwaambia walivunja mtu bure, na ni wewe uliwaelekeza? Hawa watakuja kwako, Mama Kimani. Wengine bado wako na ile roho. Mimi sitakuwa hapo kukulalia juu." Huenda yuko sahihi. Kuna wawili watatu Githurai ambao nikikutana nao sokoni hunikumbatia kwa ajili ya siku ile, kama tulipigana vita pamoja. Sijui watafanya nini na mikono yao wakishajua.

Naogopa, Kimani. Nimefunga dirisha la jikoni hata sasa hivi na ni mchana.

Kuhusu zile sura thelathini na mbili, sitakuamuru. Utaamua mwenyewe kazini kwako. Ila kabla hujapandisha ukurasa wowote wenye jina la mtu, shika ile karatasi uisome ukijifanya wewe ndiwe jamaa wa nondo. Usome ukitafuta mlango. Mimi nilikuwa nasoma kurasa zangu nikiwa mfadhili, nikiwa mwenyekiti, nikiwa mwanamke anayetaka kupigiwa makofi. Hata siku moja sikuzisoma nikiwa mtu anayetafuta nani wa kuumiza, na huyo ndiye aliyekuwa msomaji wangu mwaminifu kuliko wote. Na wale wachuma chai waliotia sahihi fomu yako, walitia kwa sababu walikuamini wewe, uso wako mzuri huo. Wafanyakazi wa Ruiru nao walitia sahihi kwa sababu ya uso wa Rajabu. Aliyekuja kulipa ni yeye.

Na siku ikifika mtu akasimama kwenye mkutano akataja jina, nawe una kitu mkononi na damu inachemka, mwache huyo mtu amalize sentensi yake. Hayo tu. Mwache amalize.

Nitakuwekea barua hii kwenye mfuko wa mbele wa begi, pale unapoweka chaja, kwa hivyo utaipata mkishapita Limuru. Kufikia hapo itakuwa saa mbili ya asubuhi imepita, na saa mbili kamili ndiyo nimepanga ukurasa utoke. Utatokea mwanzo kabisa wa tovuti ya tawi. Tangazo la zamani limetolewa. Mahali pake nimeandika mambo haya uliyosoma, kwa ufupi zaidi, pamoja na majina yangu yote matatu na picha yangu. Jina la Rajabu limo mara moja, kwenye sentensi inayosema hakufanya kitu. Sikuweka la Wairimu. Mimi nitakuwa ofisini, mlango wazi, kama Jumatatu nyingine yoyote. Usiteremke Naivasha. Usigeuze. Kama utasikia wamenipiga, usiulize ni nani aliyepiga.

Nakujua, baba. Nimekulea mwenyewe na kazi hii nimekufundisha mwenyewe. Ukifika hapa utakuwa tayari umefungua kompyuta magotini, unatafuta mtandao, uingie kwa ile nywila yetu sisi wawili uufute ukurasa kabla watu hawajausoma. Ungefanya hivyo kwa sababu unanipenda. Ungemfanyia Rajabu yale yale mara ya nne.

Nywila nimeibadilisha.

Mama yako,
Njeri